AMANA YA KIPIMO NA UKWELI WA HABARI

Hotuba ya kwanza

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeijaalia mvua kuwa rehema, akaviwekea vitu vyote kadiri yake na kipimo chake. Tunamshukuru kwa neema tuzijuazo na tusizozijua. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake, aliyeitwa Mwaminifu na watu wa Makka hata kabla hajapewa Utume. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu mliohudhuria msikitini, nanyi ndugu zetu mnaotusikiliza majumbani, wake kwa waume, wazee na wanafunzi: najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na tuzichunge ndimi zetu, kwani maneno mepesi mdomoni huwa mazito katika mizani.

Ndugu Waislamu, sisi watu wa Mombo tunakaa chini ya mlima. Mpunga unaomea katika mashamba yetu ya umwagiliaji hunywa maji ya mvua iliyonyesha juu, Soni na Lushoto, kabla mto haujatuteremkia huku tambarare. Na ndugu zetu wa mlimani, viazi vyao na kabichi zao hupita kwetu katika malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mvua ikizidi, barabara huporomoka. Ikipungua, mfereji hukauka. Basi habari za mvua kwetu sisi si soga za barazani. Ni habari za chakula cha watoto.

Na bado, tazameni jinsi tunavyozizungumza. Mmoja husema: wataalamu wamepima, dunia inazidi joto, na misimu imegeuka. Wa pili humjibu: waongo hao, hesabu zao wamezipika ili wapate fedha za miradi. Wa tatu huinuka na kusema: mwenye kujua mvua ni Mola peke yake, na mwenye kuitabiri amejiingiza katika shirki. Sauti hupanda, watu huitana majina, kisha kila mtu huenda zake na hakuna aliyeuliza swali moja: habari hii imetoka kwa nani, naye ameijuaje?

Leo, kwa uwezo wake Mola, tutazame dini yetu inatufundisha nini juu ya kupokea habari na juu ya kuitoa.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba mtu asiyeaminika akituletea habari tuipeleleze kwanza, kwa kuhofia tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Iangalieni vyema amri hii. Hakutuambia tuikubali. Wala hakutuambia tuitupe. Ametuambia tuichunguze. Na ikiwa habari ya fasiki hatukuruhusiwa kuitupa bila ya kuipeleleza, je, habari ya mtu ambaye hatujui kwake uovu wowote? Mwenye kuimeza kila habari ameiacha amri hii. Na mwenye kuikanusha kila habari naye ameiacha vile vile. Wote wawili wamekwepa kazi ya kuchunguza. Wa kwanza amejiona mtiifu, na wa pili amejiona hodari.

Ama huyu wa tatu asemaye kuwa kutabiri mvua ni shirki, tumjibu kwa upole, kwani ametaka kuilinda imani yake. Ni kweli kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na hapana kiumbe awezaye kuteremsha tone moja. Lakini mzee anayeliona wingu jeusi juu ya mlima akawaambia wajukuu waanue mpunga uwanjani, je, huyo amedai ghaibu? La. Amesoma alama. Na mwenye kupima joto la bahari ya Hindi na mwendo wa pepo naye anasoma alama, ila macho yake yanafika mbali zaidi. Akisema kwamba mvua huenda ikazidi, amesema kwa kadiri ya elimu aliyopewa. Na anayenyesha ni Mola.

Ndugu zangu, katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) kuna kisa kinachofaa kiandikwe katika mlango wa kila mwenye elimu. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume aliyezaliwa na Bibi Maria. Alikuwa mtoto mchanga, na Mtume alimlilia. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa ajili ya msiba wa Ibrahim. Fikirini hali ile. Ni habari iliyoutukuza Utume wake. Watu wameiamini wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Na mwenye msiba moyo wake umejaa huzuni. Lau angalikuwa mtu anayetafuta ukubwa, kimya kingemtosha. Lakini Mtume alisali pamoja na watu sala ndefu, kisha akasimama akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na kwamba havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Hii ndiyo amana. Aliikataa habari ya uongo juu ya maumbile ijapokuwa ilimnufaisha yeye mwenyewe. Sisi huchunguza habari isiyotupendeza, na ile inayotupendeza tukaifungulia mlango bila hodi.

Maulamaa wetu waliufahamu urithi huu, wakaufanya elimu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, na wenzake waliomtangulia na waliomfuata, hawakuipokea Hadithi kwa kuwa ni nzuri, wala hawakuikataa kwa kuwa ni nzito. Waliweka masharti matano, na kila mwanafunzi wa madrasa anayajua. Silsila ya wapokezi iungane, pasikatike mtu katikati. Kila mpokezi awe mwadilifu. Kila mpokezi awe mdhibiti, yaani ahifadhi vyema alichosikia. Habari yake isipingane na ya walio madhubuti kuliko yeye. Na isiwe na ila iliyofichika.

Sasa yachukueni masharti haya mkayapime kwa takwimu za mvua na joto, mtaona yanafaa. Namba iliyoandikwa kitabuni nayo ni habari yenye wapokezi. Nani alikisoma kipimajoto? Kilisomwa kila siku, au siku nyingine kiliachwa? Chombo kilikuwa kizima? Na ila iliyofichika ipo pia: kituo kilichokuwa uwanjani kikahamishiwa kivulini, au mji ukakua ukakizunguka kwa majumba na lami, na joto likapanda kwa sababu ya mji. Wataalamu hulazimika kuitafuta ila hiyo na kuirekebisha. Wajinga wakisikia neno kurekebisha hupiga kelele kwamba namba zimeghushiwa. Lakini mwanachuoni wa Hadithi aliyegundua kosa la mpokezi akalibainisha hakughushi Hadithi. Ameilinda. Sharti ni moja: alibainishe kosa mbele ya watu, na aonyeshe amelirekebishaje.

Hapo ndipo palipotokea fitina kubwa mwaka 2009. Mwezi wa Novemba, wiki chache kabla ya mkutano wa mataifa uliofanyika Copenhagen, barua za siri za wataalamu wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ziliibwa katika kompyuta zikatawanywa duniani. Ndani yake mlikuwa na maneno yasiyopendeza, na dalili kwamba baadhi yao hawakutaka kuwapa wapinzani wao takwimu. Waliopinga wakasema: elimu yote hii ni uongo. Mwaka 2010 yakafanywa mabaraza kadhaa ya uchunguzi. Hayakuona kwamba takwimu zilighushiwa, lakini moja lao liliwalaumu wataalamu wale kwa kutokuwa wawazi kama ilivyowapasa. Tazameni hukumu hiyo, ilivyokaa katikati: hawakusema uongo, lakini waliifunga milango, na mlango uliofungwa huzaa dhana.

Miongoni mwa waliotilia shaka alikuwapo mwanafizikia wa California, Richard Muller. Yeye hakubaki kupiga kelele. Alikusanya upya, pamoja na wenzake, rekodi za makumi ya maelfu ya vituo, na sehemu ya fedha za kazi hiyo ilitoka katika mfuko wa tajiri wa biashara ya mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba alikuwa amekosea: nchi kavu imepata joto kweli, na sababu yake kubwa ni hewa ya ukaa itokayo katika shughuli za wanadamu. Sheria yetu haiipokei shahada ya mtu inayomletea manufaa mwenyewe. Lakini shahada ya mtu dhidi ya kauli yake mwenyewe ina uzito, na Suratun Nisaa imetuamrisha tuisimamie haki hata juu ya nafsi zetu.

Na habari ikipokewa kwa njia nyingi zisizoweza kukubaliana juu ya uongo, maulamaa huiita mutawatiri. Mwezi wa Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lililinganisha hesabu za taasisi sita, kila moja na njia yake, na kutoa jumla kwamba joto la dunia mwaka 2024 lilizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.55 hivi. Namba za taasisi hizo hutofautiana kidogo; jambo lenyewe halitofautiani.

Ndugu msikilizaji, labda utasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani. Basi tuifuate barabara hii ipitayo Mombo mpaka Moshi, tuutazame mlima Kilimanjaro. Mwaka 1912 barafu ya kilele chake ilienea kiasi cha kilometa za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011 haikufika kilometa za mraba 2. Katika mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, pamoja na wenzake, alitoa makisio kwamba hali ikiendelea hivyo barafu hiyo itatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Wengine, akiwamo Georg Kaser wa Austria, walimpinga kuhusu sababu: wakasema kule juu kabisa hewa ni baridi mno, na kilichoila barafu tangu mwisho wa karne ya 19 ni zaidi ukavu wa hewa na uchache wa theluji. Mwaka 2020 ukapita, na barafu bado ipo. Basi ndimi zikafunguka: si mnaona, walitudanganya!

Hapa ndipo panapotaka akili ya mwanafunzi. Kuna shahada, na kuna makisio. Kusema kwamba barafu ilikuwa 12 na sasa haifiki 2 ni shahada ya macho na kamba ya kupimia, nayo haikutanguka. Kusema kwamba itakwisha mwaka fulani ni makisio, nayo hupata na hukosea. Na kujadiliana juu ya sababu ni kazi ya wenye elimu, kama mafakihi wanavyohitilafiana katika hukumu na wote wakasali kibla kimoja. Kosa la makisio halibatilishi shahada. Lakini nanyi wenye elimu, msivishe makisio yenu kanzu ya shahada, kwani siku yakikosea watu watavikataa vyote viwili.

Na wakivikataa, wanaoumia ni nani? Mwaka 1997 mvua za El Nino ziliharibu nchi zetu. Mwaka 2015 watu walitahadharishwa tena, na mvua hazikufikia zile. Wengi wakasema utabiri ni porojo. Ukaja mwaka 2023. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha juu ya mvua kubwa za vuli. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi wa Oktoba Rais wao aliwaambia wananchi kwamba El Nino haitakuwapo, na wataalamu wa huko wakalazimika kueleza kwamba bado wanatarajia mvua za kuzidi kiasi. Mwezi wa Novemba mafuriko yakashika Kenya na kuua watu wengi. Kwetu, tarehe 3 Desemba 2023, matope ya mlima Hanang yaliifunika Katesh. Na mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamefariki kwa mafuriko na maafa ya mvua hizo. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Sisemi kwamba kila aliyekufa alikuwa amepuuza habari. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na wengine hawakuwa na pa kwenda. Nasema kwamba nyumba inapojengwa juu ya dhihaka, mafuriko huikuta imelala.

Enyi ndugu, nisije nikawahukumu wataalamu wa mbali nikaisahau nafsi yangu. Nilipokuwa kijana, mwalimu wa shule moja ya mlimani, nilikabidhiwa kipimamvua na daftari lake. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo kila siku saa tatu za asubuhi. Wakati wa masika mmoja niliteremka kwenda arusini, nikakaa siku nne. Niliporudi nilikikuta chombo kina maji ya siku zote nne. Lililonipasa lilikuwa jepesi: kuandika jumla yake na kusema kwamba siku hizo hazikupimwa mbalimbali. Lakini niliona haya mbele ya mkuu wangu. Nikakaa nikazigawa namba kwa kukisia, leo nyingi, kesho chache, zikapendeza kabisa kitabuni. Hakuna aliyejua. Daftari likapelekwa linapopelekwa.

Mwenye kuniibia mbuzi aweza kunirudishia mbuzi. Mimi, ile mvua ya siku nne nitairudisha kwa nani ipimwe? Imekwenda, na mahali pake pamekaa uongo wangu kwa wino mzuri. Suratul Israa, aya ya 36, inatuonya tusifuate tusichokuwa na ujuzi nacho, kwani sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Nilipoisoma aya hiyo baadaye mbele ya wanafunzi wangu, sauti ilinikatika. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na nalieleza leo ili kijana aliyeshika daftari asikie.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Hotuba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, milima yetu hii ina ushahidi wake juu ya elimu na uaminifu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha kule Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, baadaye ukaenezwa Usambara. Wataalamu wake walisema udongo unachukuliwa na maji, na jambo hilo lilikuwa la kweli. Kila mwenye macho aliuona mto ukigeuka mwekundu. Lakini wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri na adhabu, wala hawakusikilizwa waliposema kazi imewazidi na shamba halizai kwa kadiri ya jasho lao. Chuki ikakua, na katika miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Elimu ilikuwamo ndani yake. Uaminifu haukuwamo. Na udongo uliendelea kuteremka.

Basi nawausia mambo machache.

Wenye kushika vipimo na madaftari, katika ofisi na shule na vyuo: hiyo ni amana. Andikeni mlichokiona. Msichokiona semeni hamkukiona. Mahali patupu penye ukweli ni bora kuliko namba nzuri ya uongo. Mkikosea, semeni tumekosea. Na mtu akiomba kuona hesabu, mfungulieni, hata akiwa mpinzani.

Enyi wenye nyumba na mashamba: mkipata habari ya mvua, ulizeni imetoka kwa nani, na je, ni shahada au ni makisio. Yakiwa makisio, yapokeeni kama makisio: msiuze ghala lote kwa ajili yake, wala msiache kusafisha mfereji. Msimwite mtu mwongo kabla hamjamtazama ushahidi wake, kwani dhana mbaya ni dhambi. Wala msieneze kwa simu kila mlilosikia, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa uongo kwa mtu kusimulia kila anachokisikia.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba elimu ya mbingu na ardhi iko mbali na dini. Masharti mnayojifunza kwa ajili ya Hadithi yatumieni katika kila habari. Mkiweza, wekeni daftari la mvua katika madrasa zenu, mkaandike kila asubuhi baada ya darasa. Huenda mjukuu wa mmoja wenu akalihitaji siku moja, nanyi mmekwisha ingia makaburini, na ukweli wenu ukawa sadaka yenye kuendelea.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua ya manufaa isiyo ya maangamizi. Ihifadhi milima yetu, mito yetu na vijiji vyetu. Warehemu waliokufa kwa mafuriko, na uwafariji waliobaki. Waongoze viongozi wetu waseme kweli na waisikie kweli. Zifanye ndimi zetu kuwa za kweli, na mizani zetu kuwa za haki, na tusamehe tuliyoyaandika na tusiyoyajua. Ewe Mola, wasamehe Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliokwisha tangulia. Amina.

Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.